Gari bila cha juu

Mdogo wangu yuko Dar, kazi yake ni kutoa magari bandarini. Gari ikishuka melini kutoka Japan yeye ndo anahangaika na makaratasi ya forodha mpaka mwenye mali akabidhiwe funguo. Siku nilipompigia kumwambia nimeagiza gari mpya moja kwa moja kiwandani, na kwamba kwa sheria za hapa Texas hilo jambo lazima lizungushwe ndo lifanyike, alinyamaza kidogo afu akaniuliza, "Kaka, si huko huko wanakotengeneza?" Nikamwambia ndo huku huku. "Sasa mnazuiwa na nani?"

Swali lake nimekaa nalo muda sasa, na kila nikikutana na Mtanzania au Mkenya mgeni hapa Houston anayetafuta gari yake ya kwanza linanirudia, kwahiyo leo naandika yote niliyonayo.

Nyumbani sisi hili ni la kawaida mno. Mtu yuko sebuleni kwake Morogoro anafungua simu, anachagua IST iliyopaki Yokohama, anavuta picha za uvunguni kuangalia kutu, anatuma hela benki, anasubiri meli. Asiyetaka kusubiri anaenda yadi, analipa cha juu, anaondoka na gari siku hiyo hiyo, na wote wawili wanajua wamelipia nini. Huku kwa gari mpya hiyo njia ya kwanza kwa kampuni karibu zote kubwa haipo kabisa. Ukitaka Toyota mpya, Ford mpya, Honda mpya, unapita kwa wakala mwenye shoruumu ya jina hilo, gari keshainunua yeye kutoka kiwandani, na bei ya mwisho anaipanga yeye. Hata ukitaka utengenezewe rangi yako na viti vyako, oda inapitia kwake.

Gari yangu ya kwanza mpya hapa nilinunua 2017, nina miaka miwili tu nchini. Jumamosi, tumeingia saa nane mchana na mama Neema na mtoto, tumetoka usiku. Yule kijana wa mauzo alikuwa na karatasi moja kaigawa vyumba vinne kwa kalamu nene: bei ya gari, thamani ya gari yako ya zamani, malipo ya kwanza, na malipo ya kila mwezi. Hiyo karatasi nimekuja kuijua baadaye, iko kila mahali na wana jina lake, ila siku ile mi niliona ni karatasi tu. Ukibana bei ya gari, chumba cha malipo ya mwezi kinapanuka, ukibana malipo ya mwezi unaambiwa sawa, afu miaka ya mkopo inaongezeka kutoka mitano inakuwa sita na hakuna chumba cha miaka kwenye ile karatasi. Kila baada ya dakika kumi anainuka, "ngoja nikaongee na meneja", anaingia nyuma ya kioo, anarudi. Mtoto akalala kwenye kiti, kiatu kimoja kimedondoka chini, mama Neema ananiangalia tu.

Afu tukapelekwa chumba kingine kidogo, kwa mtu wa mikopo. Mle ndo kwenye hela yao hasa. Waranti ya kuongeza, bima ya matairi, dawa ya kulinda rangi, kila kimoja anakuambia ni dola chache tu kwa mwezi. Nilisaini riba ya asilimia 7.9. Miezi kama minne baadaye nikajiunga na saccos ya wafanyakazi wa hospitali ninayofanya kazi, yule mama wa pale akaangalia makaratasi yangu akaniambia kwa alama zako za mkopo, zile za kuonyesha unavyolipa madeni, ungepata asilimia nne na kitu. Ndo akanifundisha kwamba benki ikishapitisha mkopo kwa riba fulani, wakala anaruhusiwa kuongeza kidogo juu yake na kubaki na sehemu. Yaani cha juu kwenye bei, na cha juu kwenye riba, na mi nilimshika mkono yule kijana nikamshukuru.

Ile shoruumu siitaji, na sio kwamba ilikuwa mbaya kuliko nyingine. Kinachoniuma ni nani analipa. Mwaka 1995 wasomi wawili, Ian Ayres na Peter Siegelman, walichapisha utafiti waliofanya Chicago. Walituma watu kwenye shoruumu, weusi na weupe, wanaume na wanawake, wote wamefundishwa kuongea maneno yale yale na kupatana kwa mtindo mmoja, kwa gari mpya ya aina ile ile, mapatano zaidi ya 300. Mwanaume mweusi alikuwa anaishia kwenye bei iliyozidi ya mwanaume mweupe kwa zaidi ya dola 1,000 kwa wastani. Sasa weka juu yake lafudhi, weka kwamba hujui ile karatasi ya vyumba vinne, weka kwamba umelelewa kwamba mtu akikukaribisha kahawa unamheshimu. Pale ambapo kila mteja ana bei yake mgeni ndo anawafidia wengine, mi hilo naliamini kabisa.

Na sio kwamba serikali haikuona. Tangu 1958 kuna sheria kwamba kila gari mpya lazima ibandikwe karatasi dirishani yenye bei inayopendekezwa na kiwanda, vikolombwezo vilivyofungwa, na gharama ya kuisafirisha. Watu wanaiita kwa jina la seneta wa Oklahoma aliyeisukuma, Monroney. Karatasi nzuri sana, isomeni mstari kwa mstari. Ila inamlazimisha muuzaji kuionyesha hiyo bei, haimlazimishi kuifuata. 2022 chip za kompyuta zinazofungwa kwenye magari zilipoadimika dunia nzima na magari yakawa machache nilienda kuangalia haibridi moja, dirishani kuna stika ya kiwanda, na pembeni yake wamebandika stika nyingine ya kwao wenyewe: "marekebisho ya soko", dola 5,000. Chini yake nitrojeni kwenye matairi, dola 199. Hewa tunayovuta karibu asilimia 78 ni nitrojeni. Nikatoka.

Mwaka uliofuata ndo nikaagiza. Kampuni zinazouza zenyewe hapa Marekani zinajulikana, Tesla ndo waliolianzisha kwa nguvu, kuna Rivian, kuna Lucid, zote za magari ya umeme, na yangu ni mojawapo. Nilikuwa zamu ya usiku, saa tisa alfajiri, chumba cha mapumziko, chupa yangu ya chai mezani. Nikafungua simu. Rangi nyeupe haiongezi kitu, nyekundu inaongeza, ukigusa magurudumu makubwa bei chini ya skrini inapanda hapo hapo unaiona, ukirudisha inashuka. Kodi ya jimbo asilimia 6.25 imeandikwa mstari wake. Hakuna meneja nyuma ya kioo. Mkopo niliukamilisha kwa saccos yangu, nikaweka dipoziti ndogo, na mpaka kengele ya mgonjwa wa chumba cha mwisho inalia nilikuwa nimemaliza, dakika ishirini hivi. Nilikaa pale nikafikiria ile Jumamosi ya 2017 na kile kiatu cha mtoto.

Wiki sita. Namba ya chesesi ilipotoka, zile tarakimu na herufi 17, nilimtumia mdogo wangu maana yeye ndo lugha yake hiyo, akairudisha na maelezo yote ya gari kabla sijamaliza kunywa maji. Siku ya kuchukua nilienda na tochi na kitambaa, nikapitisha kidole kwenye mianya ya milango yote minne, nikaangalia rangi kwa mshazari, nikawasha kila taa, ndo nikabonyeza kukubali. Fanyeni hivyo hata mkiambiwa kuna foleni, ukishakubali kazi ya kuthibitisha kwamba mkwaruzo ulikuwepo tangu mwanzo inakuwa yako.

Sasa turudi kwenye swali la mdogo wangu, tunazuiwa na nani. Texas kwa sheria mwenye kiwanda haruhusiwi kumuuzia mwananchi gari mpya mwenyewe, lazima wakala. Kwahiyo unaagiza mtandaoni na kwenye makaratasi mauzo yanahesabika yamefanyika jimbo lingine, gari inakuja kusajiliwa hapa. Kwa miaka, kwenye maduka ya Tesla ya hapa wafanyakazi walikuwa hawaruhusiwi kukutajia bei wala kukupa gari ujaribu, unaangalia tu. Na Tesla hao hao wana kiwanda kikubwa Austin tangu 2022, mwendo wa masaa kama matatu kutoka kwangu. Miswada ya kubadilisha imepelekwa bungeni mara kadhaa tangu 2013 na ikafia huko huko. Michigan, nyumbani kwa Ford na General Motors, walikaza sheria yao 2014, Tesla wakashtaki, na kesi ikaenda mpaka 2020 ndo wakaelewana. New Mexico nayo inakataza, ndo mwaka 2021 Tesla wakafungua kwenye ardhi ya wenyeji asilia, Nambé Pueblo, kaskazini ya Santa Fe, ndani ya jengo lililokuwa kasino, kwa sababu ardhi ile ina mamlaka yake na sheria ya jimbo kuhusu hilo haifiki.

Ila nimesoma pia hizi sheria zilitoka wapi na lazima niseme, mawakala wa zamani walionewa kweli. 1920 kuingia 1921 uchumi ulipoanguka Henry Ford alikuwa na deni, akawashushia mawakala wake magari ambayo hawakuyaagiza na akataka hela taslimu, ukikataa unanyang'anywa haki ya kuuza kwa jina la Ford. Watu wenye gereji moja mjini, wameweka rehani nyumba. General Motors nao wakaitwa Seneti 1955 kujibu malalamiko ya aina hiyo, na 1956 ikapita sheria ya nchi nzima kumruhusu wakala amshtaki mwenye kiwanda anayemwonea, majimbo nayo yakaongeza za kwao. Hiyo ilikuwa haki. Lakini ilikuwa kumlinda wakala dhidi ya bosi wake. Kampuni ambayo haijawahi kuwa na wakala hata mmoja inamwonea wakala gani? Hapo ndo sheria imeacha kazi yake ya mwanzo ikabaki kulinda cha juu, na gharama yake inatoka mfukoni mwa mtu kama mimi wa 2017.

Msinielewe kwamba kununua kiwandani ni raha tupu. Bei ni moja kwa wote leo, kesho ni nyingine kwa wote. Januari 2023 Tesla walishusha gari yao ya Model Y, ile ya kwenda masafa marefu kwa chaji moja, kutoka dola 65,990 mpaka 52,990, kwa mara moja, waliochukua yao miezi michache nyuma wakabaki wanaangalia thamani ya gari iliyoko nje ya nyumba yao inaporomoka na mkopo uko pale pale. Afu gari yako ya zamani unapewa namba moja mtandaoni, hakuna kubembeleza, mi ya kwangu niliuza kwa mtu mwingine nikapata zaidi. Na matengenezo, hapa Houston sawa, lakini kuna ndugu zetu wako miji midogo huko magharibi ya jimbo, wakala wa Toyota ana gereji dakika kumi na fundi anawajua kwa majina, wakati kituo cha hizi kampuni mpya kiko mji mwingine kabisa. Kwa hao nawaambia wazi, angalieni kwanza nani atawatengenezea, bei baadaye.

Saivi mama Neema anahitaji gari kubwa ya familia, watoto wamekuwa watatu, na aina anayoitaka inauzwa kwa mawakala tu. Kwahiyo tunarudi kule, ila safari hii tumeanza na emeili. Nimeandika barua moja fupi, nimeituma kwa mawakala sita wa Houston na mji jirani wa Katy: aina hii, rangi hii, mkopo tunao tayari kutoka saccos yetu, naomba bei ya mwisho ya kutoka nayo getini, kodi, usajili na karatasi zote ndani, na kila mlichofunga wenyewe kiandikwe mstari wake. Atakayekuwa tofauti na alichoandika tukifika, tunaondoka.

Wawili wameshajibu. Mmoja kaandika mistari yote na jumla chini, na nitrojeni haimo. Wa pili kaandika njoo Jumamosi tuongee, kahawa ipo. Jumamosi mama Neema yuko kazini na mi nina watoto, tutaenda kwa yule wa kwanza Jumatatu jioni.