Ukoga wa kahawia kwenye bahari yangu ndogo

Kigoma, Jumapili jioni

Mchanga wa tangi langu la maji ya chumvi ulikuwa mweupe pe. Sasa umefunikwa na ukoga wa kahawia, nao umepanda hadi kwenye mawe na kioo. Ukiupitisha mswaki kidogo tu unatimka wote, maji yanakuwa kama chai ya rangi, kisha unatulia palepale ulipokuwa. Shemeji yangu alipouona alisema, “Shem, mwaga yote, sugua mawe, anza upya.”

Nimekataa. Hizi ni diatomu, viumbe vya chembe moja vinavyojijengea ganda kwa silika, madini yaleyale ya mchanga na kioo. Tangi jipya huwa na silika kwenye maji na kwenye mchanga, na bado hakuna wa kushindana nazo. Silika ikipungua, nazo hupungua. Nikimwaga yote na kusugua mawe kwa maji ya bomba, nitakuwa nimewaua pia bakteria walioanza kujishikiza humo, ambao kazi yao ni kugeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu, iwe naitraiti, nayo sumu, kisha naitreti iliyo nafuu. Hao ndio nawahitaji kuliko kioo cheupe.

Kinachonihangaisha zaidi ni maji. Tuna ziwa zima la Tanganyika mlangoni, lakini kuchemsha maji kunaua vijidudu tu. Silika na fosfeti hubaki, tena zinazidi kukolea kwa kuwa maji yamepungua. Mvua ya kukinga kwenye bati huja na zinki, na zinki ni sumu kwa konokono na matumbawe. Kwa hiyo natumia maji ya mashine ya osmosisi, inayoyachuja hata yaliyoyeyuka ndani yake, ghali au si ghali.

Chumvi nayo nimeulizwa sana: kwa nini nisubiri ya Dar es Salaam wakati Uvinza iko hapahapa mkoani? Chumvi ya Uvinza naiheshimu, migebuka yangu haikaangwi bila hiyo. Ila maji ya bahari yana pia magnesiamu, kalsiamu na potasiamu kwa vipimo vyake, ndiyo maana nanunua iliyochanganywa kwa ajili ya matangi, gramu 35 hivi kwa lita.

Jana niliona kitu kingine nyuma ya jiwe kubwa, mahali ambapo maji hayazunguki vizuri: utando mwekundu wa zambarau, umejaa viputo, unavulika kipande kizima. Huo si mwani, ni bakteria wanaoishi kwa mwanga. Niliunyonya wote kwa mrija wa dripu, nikageuza mdomo wa pampu uelekee pale. Muda wa kuwasha taa nimeupunguza kutoka masaa kumi kwa siku hadi masaa saba.

Mawe ya ziwani kule Bangwe yana ukoga mwaka mzima, na hakuna anayesema ziwa limeharibika. Wapo samaki, kina Tropheus, wanaoshinda wakiukwangua. Ndicho chakula chao. Kwangu kazi hiyo wameanza konokono, na njia wanazopita kwenye kioo zinaonekana wazi.

Kesho asubuhi natoa lita 6 kati ya 60, nikinyonya ukoga wa mchangani kwanza. Maji mapya yako kwenye ndoo, pampu inayachanganya usiku huu, nayo yanasoma 1.025 kwenye kipimo cha chumvi (uzito wake ukilinganishwa na maji matupu). Yaliyokauka juu nitafidia kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipotei na mvuke. Samaki watasubiri mpaka vipimo vya amonia na naitraiti visome sifuri.