Mjomba na Mstatili

Jumapili, usiku

Mjomba wangu ana msimamo mmoja kuhusu sudoku: namba haiandikwi mpaka uweze kumweleza mtu mwingine kwa nini haiwezi kuwa nyingine. Sudoku ni gridi ya vyumba tisa kwa tisa, na kila mstari wa kulala, kila safu ya wima na kila boksi la vyumba tatu kwa tatu huwa na namba 1 hadi 9, kila moja mara moja tu. Mjomba hujaza kwa kalamu ya wino. Mimi natumia penseli, na kila chumba kilicho wazi nakiandikia namba ndogo ndogo za yote yanayowezekana, mpaka ukurasa unaonekana kama umevamiwa na sisimizi. Mafumbo mepesi hayahitaji hayo. Ni yale magumu yanayotufanya tutumiane picha kwenye WhatsApp mpaka shangazi anafoka.

Juma hili tumevutana kuhusu mbinu ya mstatili, ambayo mjomba anaiona ni wizi, na naandika hapa nisije nikapoteza hoja zangu.

Fumbo lilikuwa limenigomea. Nilishapita mbinu ya X, ambayo naipenda kwa kuwa inaelezeka haraka. Tuseme kwenye mstari wa pili namba 6 ina nafasi mbili tu, safu ya tatu na ya nane. Mstari wa saba nao uwe hivyohivyo, safu ya tatu na ya nane. Basi 6 za safu hizo mbili lazima zitoke kwenye mistari hiyo, na 6 nyingine yoyote niliyoiandika kwa penseli katika safu hizo naifuta. Sijajua 6 imekaa wapi, ila nimejua isikokaa.

Nikaipata pia ile ya vyumba vitatu. Kimoja kina 2 au 7. Kinaonana, yaani kinashiriki mstari, safu au boksi, na kimoja chenye 2 au 5, na kingine chenye 7 au 5. Kile cha kwanza kikiwa 2, cha pili kinakuwa 5. Kikiwa 7, cha tatu kinakuwa 5. Kwa vyovyote vile 5 itatokea kwenye kimojawapo, kwa hiyo chumba kinachoonana na hivyo viwili vya mwisho hakiwezi kuwa 5. Mjomba hana neno na hiyo.

Ugomvi ulianzia kwenye vyumba vinne vilivyopangika kama mstatili, mistari miwili, safu mbili, ndani ya maboksi mawili. Vitatu vilikuwa na 3 na 8 tu. Cha nne kilikuwa na 3, 8 na 4. Nikaandika 4. Sababu yangu: kama na cha nne kingekuwa 3 au 8, ningeweza kuzibadilishana 3 na 8 katika vyumba vyote vinne bila kuvunja sheria yoyote, na fumbo lingekuwa na majibu mawili. Sudoku halali ina jibu moja.

"Mwanangu, hapo hukulifikiria fumbo," akaandika. "Umemfikiria aliyelitunga."

"Lakini mjomba, jibu moja si ndiyo sheria yenyewe?"

"Ni sheria ya mtungaji. Wewe kazi yako ni kuithibitisha."

Nikamkumbusha kwamba mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa University College Dublin walitumia kompyuta kuonyesha kuwa hakuna fumbo lenye namba 16 za kuanzia linaloweza kuwa na jibu moja. Lazima ziwe 17 au zaidi. Utafiti mzima ulisimama juu ya sharti hilo la jibu moja, kwa hiyo mimi nikilitumia nina kosa gani? Akaniuliza swali ambalo bado linanisumbua: gazeti likisahau kuchapa namba moja, itakuwaje? Yeye atakwama na kujua kuna kasoro. Mimi na mstatili wangu nitapita nikijaza kwa raha jibu mojawapo kati ya mengi.

Hapo ana haki. Hata hivyo sikubali kwamba ni wizi. Nikiri tu kwamba mstatili haunipi utamu ule wa X.

Halafu kuna minyororo. Mafumbo ya Arto Inkala, mwanahisabati wa Ufini aliyejulikana kwa kutunga sudoku ngumu kupindukia, hayafunguki kwa X wala kwa vyumba vitatu. Inabidi useme: tuchukulie hapa ni 4, kisha ufuate matokeo yake chumba kwa chumba hadi yagongane. Mjomba anaita huko kubahatisha. Mimi nasema inategemea umeishia wapi. Ukidhani 4 ukafika kwenye mgongano, umethibitisha kwamba si 4, na wanahisabati wamekuwa wakithibitisha mambo kwa njia hiyo tangu enzi za Wagiriki. Lakini ukidhani 4 na gridi ikajaa vizuri, hujathibitisha kitu. Umepata jibu, na unaamini ni la pekee kwa sababu uliahidiwa hivyo. Yaani anayebahatisha akafanikiwa anaegemea sharti lilelile la mstatili! Hoja hii nimeigundua leo jioni nikiwa naosha vyombo, na sijaituma bado.

Jambo tunalokubaliana wote ni pete, inayojulikana kwa jina la Mjerumani anayetunga mafumbo akijiita Phistomefel. Vyumba 16 vinavyolizunguka boksi la katikati vina namba zilezile zilizomo kwenye pembe nne za gridi, kila pembe ikiwa ya vyumba vinne. Chukua safu ya 1, 2, 8 na 9: humo kila namba imo mara nne. Chukua tena mstari wa 3, mstari wa 7, na yale maboksi mawili yaliyo kushoto na kulia kwa boksi la katikati: humo nako kila namba imo mara nne. Toa vyumba vilivyomo kwenye makundi yote mawili. Kundi la kwanza linabaki na pembe, la pili linabaki na pete. Ni kweli kwa kila gridi iliyojazwa sawasawa, fumbo liwe na jibu moja au mia. Kwenye sudoku ya kawaida haisaidii sana. Inafaa zaidi kwenye zile zenye masharti ya ziada, ambazo mjomba hataki hata kuzisikia.