Nilivyopanga mipangilio ya BitTorrent nyumbani na katika maabara ya shule

Nafundisha TEHAMA katika shule ya sekondari mkoani Tanga, na kompyuta za maabara yetu zina Kiwix, programu inayomwezesha mwanafunzi kusoma Wikipedia bila intaneti. Faili ya Wikipedia ya Kiingereza yenye picha zote ni kubwa, kama gigabaiti 100 au zaidi, na kuipakua kwa kivinjari mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa ni kazi yenye mashaka. Waandaaji wa Kiwix hutoa faili zao kwa njia ya BitTorrent pia, itifaki iliyotungwa na Bram Cohen mwaka 2001, ambayo huigawa faili katika vipande vidogo na kukikagua kila kipande kinapofika, hivyo umeme ukikatika huendelea pale ilipoishia bila kupoteza kilichokwisha kukaguliwa. Ninaipakua nyumbani, ninaipeleka shuleni, kisha naiacha kompyuta ya nyumbani iendelee kuwagawia wengine. Ninatumia qBittorrent, programu ya kupakua kwa itifaki hiyo, ambayo ni ya bure na haina matangazo.

Jambo la kwanza nililolichunguza, na ambalo naona lingetangulia kwa yeyote, lilikuwa kama kompyuta yangu inaweza kufikiwa kutoka nje. Katika BitTorrent kila mwenzi, yaani kila kompyuta inayoshiriki faili, hutafuta wenzake na kutafutwa nao, na kwa kawaida ni lazima angalau mmoja kati ya wawili awe na mlango ulio wazi ndipo waweze kuunganishwa. Niliingia kwenye ukurasa wa ruta kwa anwani 192.168.1.1, nikaangalia anwani ya IP iliyopewa ruta na mtoa huduma, nikailinganisha na ile inayoonekana na tovuti za nje. Hazikufanana. Ile ya kwenye ruta ilianza na 100.72, nayo imo katika fungu la kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, ambalo mwaka 2012 lilitengwa kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Chanzo chake ni uhaba: anwani za IPv4, yaani za mtindo huu wa namba nne, ni takribani bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na akiba kuu ilikwisha kugawiwa mwaka 2011.

Mteja aliye katika hali hiyo anaweza kufungua poti, yaani mlango wenye namba ambao programu hupitishia data, kwenye ruta yake apendavyo na bado asifikiwe, kwa sababu kuna ruta nyingine mbele yake ambayo haimiliki. Ndiyo maana nasisitiza uchunguzi huu utangulie. Nilimwomba mtoa huduma anipatie anwani ya umma, nikakubali nyongeza ndogo kwenye malipo ya kila mwezi, na baada ya kuiwasha ruta upya anwani mbili zile zikawa sawa.

Baada ya hapo suala la poti lilikuwa jepesi. Kwenye ruta niliifungia kompyuta yangu anwani ya ndani isiyobadilika, 192.168.1.50, kwa kutumia namba ya kadi yake ya mtandao, kwa sababu kanuni ya kuelekeza poti, inayoiambia ruta ipeleke kwa kompyuta ipi kinachoingia kupitia poti fulani, haifai kitu ikiwa kompyuta inaweza kupewa anwani nyingine kesho. Katika qBittorrent, sehemu ya muunganisho, niliandika poti moja iliyo juu ya 1024 na nikahakikisha haibadiliki kila programu inapowashwa. Nilizikwepa poti za 6881 hadi 6889, ambazo programu za BitTorrent zilizizoea tangu zamani, kwa kuwa ndizo za kwanza kubanwa na mitandao isiyopenda matumizi haya. Kisha kwenye ruta nilielekeza poti hiyo kwenda 192.168.1.50 kwa TCP na kwa UDP, njia mbili za kusafirisha data mtandaoni. Hii UDP isisahaulike: itifaki ya uTP, inayobeba sehemu kubwa ya vipande siku hizi, hupita huko, na DHT, ambayo huwatafuta wenzi bila kutegemea seva yoyote, hupita huko pia. UPnP, inayoziacha programu zijifungulie poti zenyewe, niliizima. Sipendi programu yoyote iliyomo ndani ya nyumba iwe na uwezo wa kufungua mlango bila mimi kujua. Kwenye fayawoli ya Windows, kinga inayochuja miunganisho ya kompyuta, niliiruhusu qBittorrent. Haukupita muda, alama ya hali ya muunganisho chini ya dirisha la qBittorrent ikageuka kijani, maana yake kuna mwenzi wa nje aliyefanikiwa kuingia.

Mipangilio ya kasi ndiyo iliyoleta amani nyumbani. Faiba yetu inapakia kwa megabiti 10 kwa sekunde, na programu huonyesha kilobaiti, kwa hiyo nilipaswa kugawa kwa 8 na kupata kilobaiti 1,250. Programu ikiachwa ipakie bila kikomo, pakiti hujipanga foleni ndefu ndani ya ruta, na hata kupakua hupungua, kwa sababu kila unachopokea kinahitaji kithibitisho kidogo kirudi kwa aliyetuma, nacho kinakwama kwenye foleni ileile. Niliendesha ping, amri inayopima muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kwenda seva ya nje huku nikipakia kwa nguvu zote na kuona muda wa jibu ukipanda kutoka milisekunde 40 hadi zaidi ya 500, kiasi ambacho simu ya WhatsApp inakatikakatika. Nilipoweka kikomo cha kilobaiti 950, muda ulirudi karibu na pale ulipoanzia. Kwa hiyo ninashauri kuacha kama robo ya uwezo wa kupakia bila kuguswa, na kupima jioni, wakati majirani nao wako mtandaoni.

Wapo wanaoshauri kuongeza idadi ya miunganisho ili kasi ipande. Sikubaliani nao. qBittorrent huja ikiwa na kikomo cha miunganisho 500 kwa jumla na 100 kwa kila faili, na ruta za bei nafuu tunazopewa zina kumbukumbu ndogo ya kuhifadhi miunganisho hiyo. Ikijaa, hata kufungua tovuti ya kawaida kunashindikana. Nilipunguza hadi 200 na 50, na kasi haikushuka.

Shuleni hali ni nyingine kabisa. Intaneti ni ya modemu ya laini ya simu, haina anwani ya umma, na bando lake halitoshi hata sehemu ndogo ya faili ile. Hata hivyo ni huko ndiko BitTorrent ilikonisaidia zaidi, kwa sababu ya kisanduku kimoja ambacho wengi hukipita bila kukiangalia: kile cha kutafuta wenzi walio katika mtandao wa ndani. Kikiwa na tiki, kila kompyuta hutangaza ndani ya maabara faili inayoitafuta, na nyingine yenye faili hiyo hujitokeza, bila kuhitaji intaneti hata kidogo.

Niliipeleka faili kwenye diski ya nje, niliyoifomati kwa exFAT kwa kuwa FAT32 haipokei faili inayofika gigabaiti 4. Niliinakili kwenye kompyuta ya mwalimu, nikaongeza kwenye qBittorrent faili ya torrent iliyotolewa na Kiwix, ile ndogo inayoorodhesha vipande vya faili kubwa, nikaiamuru programu ikague upya hadi ilipoonyesha asilimia 100. Modemu niliichomoa ili bando lisiguswe, na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikigawa anwani, kila kompyuta niliipa anwani yake kwa mkono. Fayawoli ya Windows ilihitaji mtandao wa maabara utambuliwe kuwa wa binafsi badala ya wa umma, la sivyo kompyuta zisingesikilizana.

Swichi yetu, kifaa kinachoziunganisha kompyuta za maabara kwa kebo, ni ya megabiti 100 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo gigabaiti 100 huchukua zaidi ya saa 2 kufika kwenye kompyuta moja, na kama kompyuta 20 zingevuta zote kutoka kwa moja, zingehitaji karibu siku 2 nzima. Kwa BitTorrent kila kompyuta inayopata kipande huanza kuwapa nyingine papo hapo, kila moja kupitia kebo yake, hivyo muda wa zote haupishani sana na muda wa moja. Mwanzoni zilikwenda polepole kuliko nilivyotarajia, na sababu ilikuwa kwenye mipangilio ya kasi: qBittorrent hutumia vikomo vya kasi ulivyoiwekea hata kwa wenzi wa mtandao wa ndani, mpaka uondoe tiki kwenye kisanduku kinachohusika. Niliiondoa kwenye kila kompyuta, na kasi ikapanda hadi kebo zenyewe zikawa ndiyo kikomo.