Etha maabarani: ninavyoifungua, ninavyoipima na ninavyoimaliza

Moto wa Bunsen, ule wa kichomeo cha gesi, sio ninaouogopa zaidi ninaposhika etha ya diethili, kimiminika cha kuyeyushia kinachovukizwa upesi. Ule unaonekana, na mtu mwenye akili zake anauzima kabla ya kugusa chupa. Ninachokihofia ni vitu ambavyo hakuna anayeviita moto: sahani ya hotipleti iliyozimwa dakika chache zilizopita, thermostati ya friji, mota ya kikorogeo, plagi iliyolegea kwenye soketi. Cha pili ni tarehe iliyofutika kwenye lebo. Utaratibu wangu wote umesimama juu ya maswali mawili: mvuke unakwenda wapi, na chupa hii ina umri gani.

Etha huchemka kwenye nyuzi 34.6 za Selisiasi. Kiwango chake cha kumweka, yaani joto la chini kabisa ambalo mvuke wake unaweza kushika moto, ni nyuzi 45 chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna chumba wala friji ya kawaida yenye baridi ya kuifanya isishike moto. Tena huwaka yenyewe, bila mwali wala cheche, ikikutana na kitu chenye joto la nyuzi 160 hivi. Namba hii ya mwisho ndiyo inayowaponyoka wengi. Ukiweka hotipleti ili maji yafike nyuzi 60, sahani yenyewe iliyo chini ya bika inaweza kuwa imepita nyuzi 200. Tone moja la etha likiiangukia halihitaji kiberiti.

Chukua mililita 100, kiasi ambacho kila mtu hukimimina bila kufikiri. Ni gramu 71, karibu moli moja, na ikivukizwa yote inatoa lita 23 za mvuke. Hewa yenye asilimia 1.9 tu ya mvuke huo inaweza kuwaka, na uwezo huo unaendelea hadi asilimia 36. Kwa hesabu hiyo, bika moja ndogo inatosha kugeuza lita 1,200 za hewa kuwa kitu cha kulipuka. Na mvuke wenyewe hautapakai sawasawa chumbani. Una uzito mara 2.6 wa hewa, basi unamwagika ukingoni mwa meza kama maji, unafika sakafuni, unaingia kwenye sinki, unatambaa chini ya makabati. Ukikuta cheche mita kadhaa mbali, mwali unarudi kwa njia ile ile hadi kwenye chupa.

Ndiyo maana sikagui kabati langu la kufyonzea mvuke peke yake. Naangalia jirani anafanya nini, nawaambia waliomo chumbani kwamba nafungua etha, na chochote cha kuzimwa nakizima kabla, si baada. Mvuke ukishakuwapo, kuzima swichi ni sawa na kuiwasha: cheche inaruka vilevile.

Pua inasaidia, lakini usiikabidhi ulinzi. Harufu ya etha inasikika mapema sana, chini kabisa ya sehemu 400 kwa milioni ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha kazi ya saa 8, sembuse sehemu 19,000 zinapoanzia hatari ya kuwaka. Tatizo ni kwamba pua inazoea baada ya muda, na pua iko usawa wa uso wakati mvuke uko miguuni.

Sasa chupa. Kila chupa ninayopokea inaandikwa tarehe mbili kwa kalamu isiyofutika: siku iliyoingia na siku iliyofunguliwa. Isiyofunguliwa naipa miezi 12. Iliyofunguliwa naipa miezi 3, na nikipima ikawa safi naweza kuisogeza hadi 6, haizidi hapo. Sababu ni peroksaidi. Etha ikikutana na oksijeni ya hewa, hasa kwenye mwanga, hujenga polepole misombo ambayo ikikolea hulipuka kwa joto, kwa mtikiso, hata kwa msuguano wa mfuniko unaozungushwa. Baridi haizuii kazi hiyo. Kinachoichelewesha ni kizuizi ambacho kiwanda huongeza, mara nyingi BHT (kemikali ya kuzuia oksidisho) kwa kiasi kidogo mno, au ethanoli. Soma lebo ujue chupa yako ina kipi, maana kuna etha inayouzwa bila kizuizi chochote, na hiyo haistahili kuwekwa akiba.

Kabla ya kufungua, kama chumba kina joto, naiweka chupa kwenye barafu kwa robo saa. Chupa iliyokaa kwenye nyuzi 33 ina kanieneo karibu sawa na la hewa ya nje, na ikipita 35 inataka kutoka yenyewe. Ukilegeza mfuniko inakurushia usoni. Nalegeza kidogo ndani ya kabati la kufyonzea mvuke, nasubiri mlio uishe, ndipo nafungua.

Kupima peroksaidi kuna njia mbili ninazotumia. Vipande vya karatasi ndivyo vya haraka, na ndivyo watu wanavyovikosea zaidi. Wanachovya, wanatoa, wanaona nyeupe, wanaandika sifuri. Karatasi hiyo inahitaji maji ili rangi itokee, na etha haina maji ya kutosha. Chovya sekunde moja, acha etha iruke yote, kisha weka tone la maji safi au ipulizie pumzi mara nne kwa sekunde chache kila mara. Hapo ndipo buluu inajitokeza, kama ipo. Angalia pia tarehe ya kopo la karatasi zenyewe. Zikiwa zimepitwa na wakati zitakudanganya kwa upole kabisa.

Njia ya pili ni ya tone. Nayeyusha miligramu 100 za iodidi ya potasiamu katika mililita 1 ya asidi asetiki kali, naongeza mililita 1 ya etha kwenye neli safi, natikisa, nasubiri dakika moja. Njano hafifu maana yake peroksaidi ni chache. Kahawia maana yake ni nyingi. Pembeni lazima kuwe na neli ya pili isiyo na etha, kwa sababu mchanganyiko huo wenyewe unageuka njano ukikaa hewani. Bila ya kulinganishia, unaweza kuitupa etha nzuri au, vibaya zaidi, kuizoea njano.

Etha yenye peroksaidi chini ya miligramu 25 kwa lita naitumia kwa kazi za kawaida. Kati ya 25 na 100 siichemshi wala siivukizi. Ama naisafisha kwa kuipitisha kwenye safu ya alumina iliyoamilishwa (unga wa oksidi ya alumini unaonasa peroksaidi) na kuitumia siku hiyo hiyo, ama inaondoka na taka. Zaidi ya 100 sina mjadala nayo. Alumina iliyotumika usiiache ikauke: peroksaidi nyingi zimekaa humo. Nailowesha kwa salfeti ya feri yenye asidi, inayoziharibu, kabla ya kuitoa.

Kuna chupa ambazo hazipimwi. Ukiona fuwele shingoni au kitakoni, ukiona tabaka zito kama mafuta, au chupa haina tarehe na imekaa nyuma ya kabati la kuhifadhia muda usiojulikana, usiizungushe mfuniko, usiitikise ili uone vizuri, usiihamishe. Toka, funga mlango, zuia wengine, waite wanaoshughulika na vilipuzi. Watu huona aibu kuita msaada kwa sababu ya chupa. Aibu hiyo sijawahi kuielewa.

Kumimina nako kuna adabu yake. Cheche unayoihisi kwenye kidole ukigusa kitasa cha chuma huwa na milijuli moja au zaidi, wakati mvuke wa etha unatosheka na milijuli 0.2 hivi. Nikimimina kutoka kwenye debe la chuma kwenda chombo cha chuma, naunganisha vyote kwa waya na kuupeleka waya ardhini kabla ya tone la kwanza. Namimina taratibu kwa kufuata ukuta wa chombo, si kutoka juu. Ndoo na madumu ya plastiki siyatumii, yanahifadhi umemetuli. Glavu nyembamba za nitraili zinapenywa na etha ndani ya dakika chache, kwa hiyo nazihesabu kama kinga ya tone la bahati mbaya tu: zikilowa, navua hapo hapo na kuvaa nyingine.

Kwenye funeli ya kutenganishia, chombo chenye kizibo juu na koki chini ambamo etha hutikiswa na maji kisha hutenganishwa nayo, usijaze zaidi ya theluthi mbili. Myeyusho uliopashwa moto kabla naupoza hadi chini ya nyuzi 20, maana etha ikikutana na maji ya nyuzi 40 inachemka papo hapo na kung'oa kizibo. Mara ya kwanza sitikisi, nazungusha tu. Kisha nashika kizibo kwa kiganja, nageuza funeli juu chini, naelekeza shina nyuma ya kabati na kufungua koki. Mlio wa "fss" ni mvuke unaotoka. Nafunga, natikisa mara mbili, nafungua tena. Mlio ukikoma ndipo natikisa kwa nguvu. Ukiosha asidi kwa bikaboneti ya sodiamu, kaboni dioksaidi inaongezeka juu ya mvuke wa etha. Hapo acha kwanza mapovu yaishe funeli ikiwa wazi.

Jambo ambalo hata wazoefu hulisahau ni tabaka la maji. Maji hunyonya etha: mililita 100 za maji hubeba gramu 6 au 7, karibu mililita 9. Ndiyo maana ukiweka mililita 30 za etha juu ya mililita 100 za maji unapata ishirini na kitu tu. Zile zilizopotea hazikuvukizwa, zimo ndani ya maji. Ukiyamwaga sinkini umepeleka etha kwenye mfereji. Ukiyapasha moto hatua inayofuata, bika ya "maji" inatoa mvuke unaowaka. Chumvi iliyokolea inaupunguza unyonyaji huo, haiufuti. Tabaka la maji lote nalihesabu kuwa taka yenye etha.

Kuvukiza nafanya kwa beseni la maji yaliyopashwa moto kwingine, nyuzi 40 hadi 45, au kwa evaporeta inayozungusha chupa. Kosa kubwa la evaporeta ni kuvuta utupu kwa pupa. Ukishusha kanieneo hadi milibari 400 (hewa ya kawaida ni 1,000 hivi), etha inachemka kwenye nyuzi 10 hivi, chini ya joto la maji ya bomba yanayopita kwenye kondensa, sehemu ya kupozea mvuke. Hairudi tena kuwa kimiminika. Inapita moja kwa moja hadi kwenye pampu na kutokea chumbani. Mimi naanza bila utupu wowote, beseni nyuzi 40, kondensa kwenye nyuzi 5 au chini, chupa ya kupokea ndani ya barafu. Utupu naongeza kidogo mwishoni. Tundu la kutolea la pampu liwe ndani ya kabati. Na kama peroksaidi haikupimwa, chupa haikaushwi kabisa: inabaki angalau sehemu moja kwa kumi, kwa kuwa peroksaidi hazivukizwi kwa urahisi kama etha, zinakolea chini.

Ile etha safi iliyokusanyika upande wa pili inavutia, kila mtu anataka kuirudisha kwenye chupa. Usifanye hivyo. BHT haivukizwi pamoja nayo. Imebaki kwenye mabaki. Ulichokipata ni etha isiyo na kizuizi, iliyokwisha kupigwa na hewa, itakayoanza kujenga peroksaidi haraka kuliko ile ya kiwandani. Naitumia siku hiyo kuoshea vyombo ndani ya kabati au naipeleka kwenye taka.

Kuhifadhi: mbali na jua, mbali na vioksidishaji kama asidi nitriki, kwenye kabati la vimiminika vinavyowaka. Friji ya nyumbani hapana. Ndani yake kuna taa, swichi ya mlango na thermostati, na kwenye nyuzi 4 etha bado inajaza nafasi hiyo ndogo kwa mvuke unaotosha kuwaka. Inayofaa ni friji iliyotengenezwa bila chanzo cha cheche ndani.

Ikimwagika kidogo ndani ya kabati, nashusha kioo na kuiacha iruke. Ikimwagika nusu lita sakafuni, wote wanatoka, umeme unakatwa kwa swichi iliyo nje ya chumba, hakuna shujaa mwenye tambara. Ikiwaka kwenye bika, kuifunika kwa kioo cha saa (kisahani cha kioo cha maabara) kunatosha mara nyingi. Zaidi ya hapo ni mtungi wa kaboni dioksaidi au poda kavu, ukiwa umesimama upande wa mlango. Maji ya bomba hayafai, etha inaelea juu yake na kusafiri ikiwaka.

Kwenye taka, chombo kisizidi asilimia 90, kiandikwe "etha" na tarehe, kwa sababu peroksaidi zinaendelea kujengeka humo pia. Kuna pipa jingine la kuangalia: la karatasi. Salfeti ya magnesiamu, unga unaonyonya maji, uliyokaushia etha na karatasi ya kuchujia vinaonekana vikavu baada ya dakika mbili, lakini ndani vimelowa. Mimi navitandaza kwenye sahani ndani ya kabati usiku kucha, feni ikiwa inafanya kazi, na asubuhi ndipo vinaingia pipani.