Bailojia ipo pwani pale

Mie nasomesha bailojia skuli moja huku Pemba, na kila mwaka naona yale yale, fomu wani wanakuja na hamu kweli, wanauliza mpaka kengele inalia, halafu wakifika fomu tuu wamenyamaza kimya, wanakariri tu majina ya Kiingereza ya sehemu za seli. Si wavivu jamani.

Juzi maji yametoka nikawapeleka mikokoni, nikawaonesha mizizi ya mchu, aina moja ya mkoko, inavochomoza juu ya tope kama penseli, kuwa inavuta hewa maana lile tope halina oksijeni ya kutosha. Basi msichana mmoja ambae darasani hajawahi kunyoosha mkono akalamba jani akauliza, mwalimu, mbona lina chumvi? Tukakaa hapo hapo, mti unavotoa chumvi kwa majani, tukasahau muda.

Wanaopanga mtaala naomba waanzie huku. Popo wa Pemba duniani kote yupo kisiwani kwetu tu, anakula matunda anasambaza mbegu za msituni, na watoto wanamjua tangu wadogo, kwa nini asiwe mfano wa kwanza kwenye somo la ikolojia?

Wiki ijayo nawapeleka msitu wa Ngezi inshaallah.