Chai baada ya saa moja

Nesi aliniambia, "Dada, chai kunywa baada ya saa moja." Nikaitikia, nikatoka. Kwa wiki tatu nzima nikawa naamka, naandaa watoto, nangoja saa moja asubuhi ipite, ndipo namimina chai yangu ya rangi na kukaa na chapati na maharage, nakula kwa raha zote nikijua natii agizo. Niliporudi kliniki nikamweleza kwa kujisifu kwamba sijaonja chai kabla ya saa moja na dakika kumi hata siku moja. Aliweka kalamu chini, akacheka hadi akafuta machozi. Kumbe alimaanisha lisaa lizima baada ya kula.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro mjini, mama wa watoto watatu. Mwisho wa mwaka 2022, msimu ambao sisi mafundi hatulali kwa ajili ya sare za shule, nilianza kuchoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Chumba chetu cha kushonea kiko ghorofani; nikipanda ngazi moyo unadunda kama nimekimbizwa. Tena nikawa natafuna pemba, ule udongo wa vipande unaouzwa sokoni, na mchele mbichi, wakati sina mimba. Wenzangu walinitania wee, wakaanza kunihesabia miezi. Kipimo kikaonyesha damu 9.1, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Nikapewa vidonge vya madini chuma, dawa ya minyoo, na maswali marefu kuhusu hedhi yangu, ambayo kwa kweli ilikuwa nzito miaka mingi na mimi nikidhani ndivyo nilivyoumbwa.

Niseme mapema ili mtu asije akanielewa vibaya: vidonge ndivyo vilivyopandisha damu yangu. Majirani walileta rozela, wakaleta maji ya matembele yaliyochemshwa, mmoja akaleta bitiruti. Nilikunywa kwa heshima yao. Lakini mwenye upungufu wa damu kama wangu asikae nyumbani na jagi la rozela, aende akapimwe. Chakula kilikuwa na swali lake lingine kabisa: vidonge vikiisha, nifanye nini nisirudi kulekule?

Jibu nililolitegemea ni maini na nyama. Wakati ule kilo ya nyama huku kwetu ilikuwa shilingi 10,000. Kwangu nyama ni ya Jumapili, na si kila Jumapili. Nesi akaniuliza ninakula nini siku za kawaida. Nikamtajia: ugali, maharage, mchicha, wali, kunde, matembele. Akasema, "Mbona unakula vizuri?" Nikamwuliza, kama nakula vizuri damu inaenda wapi? Ndipo akaanza kuniuliza ninavyopika, na ninakunywa nini pembeni ya sahani. Hapo nikaona aibu kidogo, maana ilibidi niseme ukweli.

Alivyonieleza ni hivi. Madini chuma yaliyo kwenye maharage na majani huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama. Ukinywa chai au kahawa pamoja na chakula, vitu vilivyomo kwenye majani ya chai huyashika yale madini tumboni, mengi yakapita hivihivi. Vitamini C inafanya kinyume chake, inayasaidia kuingia. Kwa hiyo sahani ileile ya wali maharage, ukiishushia na chai ya rangi ni kitu kimoja, ukiikamulia ndimu na kumalizia na kipande cha pera ni kitu kingine. Mimi nilikuwa nakunywa chai mara tatu kwa siku, zote na chakula. Hata vidonge nilikuwa navimeza na chai!

Chai sikuiacha, wala sitaiacha. Nimeihamisha. Asubuhi sasa ni uji wa ulezi, au kiazi kitamu cha kuchemsha na karanga, na chungwa kama lipo. Chai inakuja saa nne, pale ofisini, peke yake, bila kitafunwa. Kwa sasa naipenda zaidi kuliko zamani kwa sababu nainywa nikiwa nimetulia.

Mchicha ndio ulionitia aibu hasa. Nilikuwa naukata kwanza, naosha baada ya kukata, nauchemsha, namwaga maji yake ya kijani kwenye karo, halafu naukaanga kwenye mafuta hadi unakuwa mweusi. Ukiniuliza nilikuwa nakula nini, nilikuwa nakula mafuta yenye nyuzi. Sasa naosha majani yakiwa mazima, nakata, nakaanga kitunguu na nyanya na karoti kwa kijiko kimoja cha mafuta, naweka mchicha, nafunika. Dakika tano hadi saba, natoa. Ndimu nakamua mezani, si jikoni, kwa sababu moto unaiua vitamini C. Fungu moja halikuwa linatosha tena, maana sikuwa na mafuta ya kulisindikiza, kwa hiyo nikawa nanunua matatu. Kwa mboga zinazoteremka kutoka Mgeta, Morogoro hatuna sababu ya kulia njaa ya majani.

Lakini mafuta msiyafukuze yote. Shoga yangu mmoja alipoambiwa apunguze mafuta akahamia chukuchuku moja kwa moja, mchicha wa maji na chumvi, akawa anakula kama mgonjwa. Vitamini A ya kwenye majani, karoti na viazi lishe inahitaji mafuta kidogo ili mwili uichukue. Kijiko kimoja, au karanga za kusaga, au tui jepesi. Mimi napenda karanga.

Maharage nayo yalikuwa na historia yake. Nilikuwa natia magadi ili yaive haraka, mkaa ni ghali. Nesi akasema magadi yanaharibu vitamini B1 na yanaongeza sodiamu, na baba watoto ana presha. Basi nikaanza kuloweka. Usiku nachambua, naloweka kwenye maji mengi, asubuhi namwaga yale maji, naweka mapya, nayachemsha moto mkali kwanza ndipo napunguza. Yanaiva kwa muda mfupi zaidi, hivyo mkaa niliouogopa ukapungua wenyewe. Nikachemsha mengi kwa mara moja, Jumamosi, nikagawa kwenye makopo na kuyaweka kwenye friji ya jirani. Siku hiyo naunga nazi, siku nyingine nyanya na bamia, siku ya tatu yanaingia kwenye makande. Mimi mzaliwa wa Same, makande kwangu si chakula cha shida, ni nyumbani. Mahindi na maharage vikikaa sufuria moja kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake la protini, jambo ambalo bibi zetu wa Upare walilifanya bila mtu kuwaambia neno protini.

Kosa langu lilikuwa haraka. Nilibadilisha kila kitu ndani ya wiki moja: maharage kila siku, dona, kabichi. Nyumba nzima tukajaa gesi. Mwanangu mkubwa akakataa kulala chumba kimoja na mdogo wake. Mume wangu akaniuliza kwa upole sana, ule upole wa mtu aliyejizuia siku tatu, kama daktari aliagiza na hili. Nikarudi nyuma: maharage mara tatu kwa wiki, choroko siku nyingine kwa sababu hizo ni laini kwa tumbo, na maji ya kunywa mengi. Baada ya mwezi hivi matumbo yakazoea.

Kuhusu dona, niliposema tu, baba watoto akanijibu, "Dona nilishamalizana nayo bweni." Sikubishana. Nilipeleka mahindi mashineni nikamwambia kijana asikoboe, naye akaniuliza kwa sauti, watu wote wakisikia, "Ni ya kuku au ya watu?" Ukifikiri vizuri, kuku wetu ndio walikuwa wanakula vizuri miaka yote hiyo: ganda na kiini cha mahindi, vyenye nyuzinyuzi, mafuta na vitamini, tunawamwagia wao kama pumba, sisi tunabaki na weupe. Nilianza kwa kuchanganya, sembe vikombe vitatu kwa dona kimoja, nikawa naongeza kidogokidogo bila kutangaza. Alipogundua tulikuwa nusu kwa nusu na alikuwa ameshazoea. Hapo tumekomea, dona tupu amekataa katakata, nami namwelewa. Nasaga kidogokidogo pia, kwa sababu unga wenye kiini haukai, mafuta yake yanachacha.

Kingine ni ukubwa wa ugali. Zamani sahani yetu ilikuwa mlima wa ugali, na mboga kama kijiji kidogo chini ya mlima. Sasa napakua mboga kwanza. Ugali unakaa kwenye nafasi iliyobaki.

Mwezi wa nne alikuja mama mkwe kutoka milimani, akakaa nasi wiki tano. Nilikuwa na wasiwasi atadhani namnyima mwanawe nyama. Akafungua sufuria, akaona mnafu wa karanga, akasema, "Ah, kumbe mnakula chakula." Basi, mwalimu nikawa nimempata. Ndiye aliyenionya kwamba kanuni yangu ya dakika saba haifai kwa kisamvu. Kisamvu kina sumu yake, kinataka kutwangwa hasa na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa, ndipo kiungwe. Nilikuwa tayari nimeshaanza kukipika nusunusu kwa ushabiki wangu wa vitamini. Akanifundisha na togwa kwa kimea cha ulezi alichokiotesha mwenyewe kwenye kitambaa chenye unyevu. Nesi alipoisikia habari hiyo alifurahi: nafaka ikioteshwa na kuchachushwa, vile vitu vinavyoyazuia madini chuma ndani yake hupungua. Mama alipoambiwa hivyo akasema yeye anaipendea utamu.

Kwenye karanga alikuwa mkali kuliko wote. Anamwaga ungoni, anatoa moja moja zilizosinyaa, zenye ukungu na zilizobadilika rangi, hata kama ni robo ya kilo anatupa. Mimi nilikuwa nikiona ni ubadhirifu, hadi nilipokumbuka mwaka 2016, watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ya kwenye mahindi. Ile sumu haitoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Tangu hapo karanga za kusagwa tayari sinunui, siwezi kujua kilichosagwa humo.

Chumvi nilidhani nimeipunguza mpaka nilipohesabu vile viungo vya pakiti. Mtu mzima kwa siku hatakiwi kuzidisha gramu 5, kijiko kimoja cha chai, humo ndani ikiwa na ya mkate na ya vile vipakiti. Badala yake natumia tangawizi, kitunguu saumu, pilipili hoho, ndimu na giligilani. Wiki mbili za kwanza chakula kilikuwa kama kimepoa. Sasa tukila kwenye sherehe ndio tunaona chumvi imezidi.

Nilivyoshindwa ni vingi. Juisi ya mchicha mbichi na ndizi niliyoiona kwenye simu, hakuna aliyemaliza glasi, na mimi mwenyewe nilimwaga yangu kisirisiri. Mlenda watoto hawaugusi. Mtoto wa katikati anakula njegere akizihesabu.

Nyama hatujaiapia. Tunakula ikipatikana, na dagaa mara moja au mbili kwa wiki, na sababu yangu si ulafi tu: vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, hata ule mashamba yote ya Mgeta. Jirani yangu ni Msabato, hali nyama wala samaki wala maziwa, na chakula chake cha mimea ni kitamu kuliko changu. Lakini anameza vidonge vya B12 na hafichi.

Baada ya miezi mitatu ya vidonge damu ilisoma 12.1. Niliendelea navyo kama nilivyoagizwa, nikamaliza, na hedhi ikashughulikiwa kivyake. Nimepima mara mbili tangu niache vidonge: 12.4, halafu 12.3. Pemba siitamani tena. Nikiipita sokoni nanusa tu ule unyevu wake, naendelea na safari.

Ofisini mchana nakula kwa mama ntilie wa chini, wali maharage na mchicha, siku ambazo sijabeba hotpoti. Mwanzoni nilikuwa nashuka na ndimu yangu kwenye mfuko wa gauni, naazima kisu chake, nakamua. Mafundi wenzangu wakacheka, halafu wakaanza kuniomba nusu. Wateja wengine nao wakaona. Juzi nimeshuka bila ndimu, nikamkuta ameweka sahani nzima ya vipande mezani, pembeni ya kachumbari. Nikachukua kimoja. Akaniambia, "Dada, hiyo ni mia."