Urosepsisi ilivyonitoa jasho, na bahasha ya bili ya umeme ilivyoniokoa

Mama yangu mpaka leo haelewi vizuri ninachofanya. Nilipompigia kumwambia nimeacha kuosha wazee na sasa "nakodi" magonjwa ya hospitali, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, huko Marekani magonjwa nayo yanakodishwa?" Tangu siku hiyo nimeliacha hilo neno la Kiingereza, code, nasema naweka misimbo. Mgonjwa akiruhusiwa, lazima mtu asome faili lake lote na kugeuza kila ugonjwa aliouandika daktari kuwa herufi na namba, ndipo bima ilipe. Mtu huyo ni mimi, niko Houston kwenye meza ya kulia chakula, kanga kiunoni, chai pembeni.

Naandika haya kwa sababu mwezi huu watu watatu wameniuliza habari za kuweka misimbo ya sepsisi (maambukizi yanapoufanya mwili ujiumize wenyewe), na ushauri waliokwisha kupewa umenikera. "Ukiliona neno sepsisi, weka A41.9 mwanzo, funga faili, kalale." A41.9 ni sepsisi ambayo kijidudu chake hakijatajwa. Mimi pia niliambiwa hivyohivyo. Na kulala nililala.

Kozi nilisoma mtandaoni baada ya zamu za usiku, ikanila dola elfu mbili na ushee, vitabu ndani. Mtihani wa CCS, cheti cha waweka misimbo, niliupata mara ya pili. Ya kwanza tusiizungumzie. Ila msinunue kitabu cha misimbo cha mwaka uliopita kisa ni nusu bei. Misimbo inabadilishwa kila tarehe 1 Oktoba. Mimi nilijifanya mjanja, nikakaa karibu saa nzima nikitafuta sepsisi ya bakteria aitwaye Acinetobacter kwenye kitabu ambacho hakikuwa nayo. A41.54 ilianza Oktoba 2023, kitabu changu kilichapwa kabla.

Sasa aibu yenyewe. Lilikuja faili la bibi wa miaka themanini na kitu (nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike). Aliletwa usiku ana homa, moyo unakimbia, anaongea na marehemu mumewe. Daktari wa dharura aliandika: urosepsis. Mkojo umeota bakteria wa E. coli. Chupa za damu, zile za kuoteshea bakteria maabara, nazo zimeota E. coli. Kreatini, kipimo cha figo, iko juu, na mbele kidogo wameandika figo zimefeli ghafla. Basi, nikajiona profesa. Nikaweka A41.51, sepsisi ya E. coli. Nikapachika R65.20, sepsisi kali, maana figo si zimegoma? Nikaongeza N17.9 ya figo na N39.0 ya mkojo. Kompyuta ikapiga hesabu, ikaniangushia kundi la malipo la 871, lile nono. Nikatuma. Nikapika pilau.

Baada ya wiki faili likarudi. Mkaguzi wetu ni mama mmoja aliyewahi kuwa muuguzi, hapandishi sauti hata siku moja, na hilo ndilo linalotisha. Aliniambia kwa simu, "Nisomee mstari ambao daktari ameandika sepsis." Nikatafuta. Kurasa mia mbili na zaidi. Hakuna. Kuna "urosepsis" mara moja, basi.

Kanuni za Marekani zinasema wazi kwamba urosepsis ni neno lisilo na maana ya uhakika, halina msimbo wake, na usilichukulie kuwa ni sepsisi. Ukikutana nalo, muulize daktari alikusudia nini. Mimi niliona "sepsis" mle ndani nikaruka nalo, kama mtu anayesikia mwanasesere akauliza amezaliwa lini.

Na zile chupa za damu? Maabara si daktari. Bakteria kuonekana kwenye damu huitwa bakteremia, na daktari akiiandika hivyo inapewa R78.81, kule kwenye sura ya dalili na matokeo ya vipimo. Sepsisi ni mwili wenyewe kuchanganyikiwa kwa sababu ya maambukizi, mpaka unajiumiza. Mtu anaweza kuwa na hiki bila kile. Halafu kuna upande wa pili unaowaponza wengi: chupa zikirudi safi, na daktari akashikilia kwamba mgonjwa ana sepsisi, unaandika sepsisi. Chupa si hakimu.

Ikabidi nimwandikie daktari swali. Hapo nikaharibu mara ya pili, ndani ya faili lilelile. Niliandika: "Daktari, mgonjwa alikuwa na homa, moyo ulikimbia, na ana E. coli kwenye damu. Je, hii si sepsis? Tafadhali thibitisha." Nilijisifu jinsi lilivyo fupi. Halikumfikia hata daktari. Mkaguzi alilidaka njiani. Huruhusiwi kumwekea daktari jibu mdomoni, na ukigusia malipo ndiyo umejimaliza kabisa. Nikaandika upya: dalili na tarehe zake, vipimo na tarehe zake, kisha machaguo. Sepsisi. Maambukizi ya mkojo pamoja na bakteremia bila sepsisi. Maambukizi ya mkojo tu. Kingine, taja. Haiwezekani kujua.

Jibu lilikuja kesho yake: maambukizi ya mkojo ya E. coli na bakteremia, hakuna sepsisi, figo ziliumia kwa kuishiwa maji mwilini. Kwa hiyo N39.0, B96.20 ya kumtaja huyo E. coli, R78.81, N17.9, na E86.0 ya maji. Kutoka kundi la 871 tukashuka mpaka 690. Pilau ililiwa wiki nzima kabla, lakini nakwambia siku ile ndiyo ilinikwama kooni.

Hata kama sepsisi ingekuwepo, ile R65.20 yangu ilikuwa ya kuokoteza. Daktari lazima afunge fundo, aandike kwamba figo zimefeli kwa sababu ya sepsisi. Vikiandikwa kila kimoja kivyake na uhusiano hauonekani, unauliza.

Baada ya hapo niliogopa faili za sepsisi kama mtoto anavyoogopa sindano. Nilikuwa nikiziona kwenye foleni najifanya nimeenda kuchemsha maji. Kilichonitoa ni bahasha ya bili ya umeme. Nyuma yake nilichora safu tatu: KAJA NAYO, KAIPATA HUMU, NANI KASEMA. Kila ugonjwa nauandika kwenye safu yake, pamoja na siku.

Inaonekana jambo la kitoto, lakini kwenye sepsisi mpangilio ni kila kitu. Mzee akiingia ana nimonia na sepsisi kwa pamoja, sepsisi inatangulia, J18.9 ya nimonia inafuata. Akiingia na nimonia peke yake, sepsisi ikampiga siku ya nne wodini, nimonia ndiyo inaongoza. Magonjwa yaleyale, misimbo ileile, malipo tofauti kabisa. R65.20, na R65.21 ya mshtuko wa sepsisi, hazitangulii kamwe, hata kama mgonjwa alishushwa kwenye ambulansi presha haionekani. Na kama maambukizi ya damu yameletwa na mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa kati, T80.211A ndiyo inaitangulia sepsisi.

Safu ya tatu ndiyo ninayoipenda. Madaktari wa siku hizi wananakili maandishi ya jana wanabandika leo, na neno linarithiwa kama jina la ukoo. Nilimpata baba mmoja ambaye "sepsis" imeandikwa kwake mara kumi na tisa. Kumi na tisa! Zamani ningesema ushahidi huo unatosha kumfunga mtu. Kwenye bahasha nikaona zote zinatokana na sentensi moja ya daktari wa usiku wa kwanza, hadi kosa lake la tahajia limo kumi na tisa. Daktari aliyemshika mgonjwa mpaka mwisho hakuitaja kwenye muhtasari wa kumruhusu. Nikauliza, tena bila kuweka jibu mdomoni, ikafutwa. Mkaguzi alinitumia alama ya dole gumba. Nimeihifadhi.

Halafu msikimbilie A41 kila mara. Anzeni kwenye faharasa. Streptokoka wako A40, Candida, yule fangasi, yuko B37.7, Salmonella A02.1, watoto wachanga wana P36 yao na mama aliyejifungua ana O85. Kuhusu ugomvi wa madaktari na bima, kwamba hawa wanapima sepsisi kwa vigezo vya zamani na wale wanadai vya 2016, mimi siuingii. Naandika alichoandika daktari. Wakigombana, wagombane wenyewe.

Sasa nisijisifu sana. Mdogo wangu yuko dirisha la bima kwenye hospitali moja Tanga. Juzi kaniuliza, "Dada, mshtuko wa sepsisi ni msimbo gani? Foleni imefika mlangoni." Bila hata kuweka kikombe chini nikamtumia R65.21, na kaemoji ka miwani meusi. Dakika mbili, akajibu: "Dada, mfumo unasema hicho kitu hakipo."

Mfumo ulikuwa sahihi. Wao wanatumia ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa, ile yenyewe ya Shirika la Afya Duniani. Mimi naishi ndani ya ile iliyoongezwa matawi na Wamarekani. Kwao mshtuko wa sepsisi ni R57.2, bakteremia inakaa A49.9, na E. coli wangu wa A41.51 kule anaishia A41.5 pamoja na wenzake. Nikamtumia R57.2, na vocha ya elfu tano ya kumfuta machozi. Akajibu, "Asante. Mama anauliza umekodi ngapi leo."